Mlango wa Kuku

Kanja, 6 Februari 1955

Kwa dada yangu Alice,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, ila mama anakohoa kwa moshi wa nyumba hii mpya. Wewe na masomo mnaendeleaje? Naandika Kiswahili kwa sababu barua za Kiembu zinakaa sana ofisini zikisomwa.

Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kilichozungushiwa handaki, kuku wa mama wamekwisha, amebaki yule mwekundu. Ana siku mbili amechuchumaa tu, hatoi yai wala mavi. Huko mnasomeshwa mambo ya wanyama. Tufanye nini?

Kaka yako,
Munyi

Meru, 15 Februari 1955

Kaka Munyi,

Nashukuru mko wazima. Mama anywe maji ya moto. Mimi sijambo, ila nilishika kalamu siku tatu nikiona haya. Tafadhali usiwasomee watu.

Mwalimu alipasua kuku mezani. Ng'ombe jike ana milango miwili, mmoja wa mavi, na mwingine ambako mkojo na ndama hutokea. Kuku ana mlango mmoja tu. Mavi, ule mkojo wake mweupe, yai, vyote vinapita hapo. Hata jogoo akimpanda, wanagusanisha milango hiyo, basi. Wenzangu walicheka, mimi nilitazama chini. Kwa hiyo yai likikwama, na mavi yanakwama. Mkalisheni kwenye maji ya vuguvugu, mmpake mafuta mlangoni. Nimechora kwenye karatasi ya pili, na mishale na maneno machache.

Mdogo wako,
Alice

Kanja, 27 Februari 1955

Alice,

Natumaini hujaugua. Hii nampa Hared wa lori akuletee mkononi, isipite posta.

Kuku alikufa kabla barua haijafika. Lakini wa Mama Mutegi naye akakwama, mama akafunga mchoro wako kwenye leso ampelekee shambani. Homugadi, askari wa serikali anayelinda getini, akaupata. Unajua kijiji chetu kina mlango mmoja. Akasoma, "Mlango mmoja tu. Vyote vinapita hapa." Akaona mishale. Wakasema ni ramani ya kuwaingizia wapiganaji wa msituni, na yai ni risasi. Mama akawaambia ni tumbo la kuku. Walimcheka, kisha wakamfungia kambini. Leo siku ya nne. Wakimuuliza nani alichora, anajibu ni yeye, mtu asiyejua kushika kalamu. Tarehe ishirini mwezi ujao watampeleka mbali, hatujui wapi.

Nilipompelekea uji aliniambia hili tu: "Alice anyamaze, amalize shule."

Usiandike kitu.

Kaka yako,
Munyi

Meru, 1 Machi 1955

Kaka Munyi, na Bwana unayefungua barua zetu,

Natumaini mmeamka salama.

Nimesikia mama yangu amefungiwa kwa sababu ya mchoro. Niliuchora mimi, Alice binti Nyamu, darasa la nane. Mwandiko ni huu huu, ulinganishe.

Kosa ni langu. Jina lenyewe nalijua, hata la Kiingereza tulifundishwa. Niliona haya kumwandikia kaka yangu, ndipo nikaandika mlango. Ni mkundu, Bwana. Mkundu wa kuku. Hunya, hukojoa na hutaga kwa mkundu huo huo. Sijawahi kuandika neno hili, na sasa nimeliandika mara tatu.

Naogopa nitafukuzwa shule. Naogopa zaidi gari lenu likija kunichukua. Lakini kabla hamjampeleka, shika kuku yeyote hapo kambini, mgeuze, uinue mkia, uhesabu matundu.

Barua hii sikuifunga kwa gundi.

Binti yake,
Alice