Wanasema Shangazi wa Mume Wangu Ameziroga Kompyuta za Dukani

Mpendwa mshauri, salamu kutoka Bariadi, nina shida ambayo siwezi kumweleza mtu hapa mjini kwa sababu kila mtu tayari ana jibu lake. Mimi na mume wangu Mayige tuna duka la steshenari, tunachapa mitihani ya shule, kadi za harusi na barua za ofisi, na tuna kompyuta tatu tulizoziunganisha kwa waya ili zote zitumie printa moja, na mwaka huu tulivuta laini ya simu tukapata intaneti, na siku ya kwanza kabisa tuliyoiwasha alikuwepo shangazi wa Mayige, Milembe, aliyetoka Mwamapalala kuja kutibiwa macho, basi tukamketisha mbele ya kompyuta tumwonyeshe picha ya mjukuu wake aliyezaliwa Dar es Salaam, akaigusa skrini kwa kiganja, akacheka sana, nasi tukacheka naye. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, na unajua huku kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi.

Jioni hiyo ile kompyuta ikaanza kutoa kijisanduku cha maneno ya Kiingereza kinachohesabu muda kurudi nyuma, muda ukiisha inajizima na kujiwasha yenyewe, kazi inapotea, na kesho yake kompyuta ya pili na ya tatu zikaanza hivyo hivyo ingawa hakuna aliyezitia diski wala CD, na hapo wateja wakaanza kunong'ona kwamba ugonjwa unaotembea bila kubebwa si wa kawaida. Tukamwita fundi Kristofa kutoka Maswa, akasafisha moja, ikapona, tukairudisha kwenye waya tuchape mitihani iliyokuwa inasubiriwa huku yeye akisafisha ya pili, na kabla hajamaliza ile ya kwanza ikaugua tena, akazunguka hivyo siku nzima mpaka akasema kazi hii imezidi ufundi wake, na maneno hayo ndiyo yaliyoniharibia nyumba.

Sasa ndugu za Mayige wanasema wakimaliza kuuza pamba watakuja na mfumu, mganga wa ramli, amtaje mchawi, na sote tunajua atatajwa nani, Mayige hasemi ndiyo wala hapana, na mimi ni mke tu niliyeolewa pale, nanyamaza. Shangazi ameshasikia. Juzi tukichambua mchele aliniambia kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, nisindikize wewe nyumbani mapema, nisije nikafukuzwa." Nikaendelea kuchambua mchele. Nampenda mama huyu, mshauri, lakini wakati mwingine nami najiuliza, mbona yalianza siku ile ile?

Mama Shija, Bariadi, Shinyanga, 2004
(Majina tumeyabadilisha.)

JIBU

Mama Shija, pole sana. Nianze na hilo linalokusumbua. Yalianza siku ile kwa sababu siku ile ndiyo mliyofungua intaneti, umeandika mwenyewe. Hata angeketi paroko pale badala ya shangazi, yangewakuta hayo hayo.

Huo ni mnyoo wa kompyuta. Kirusi cha kawaida husubiri mtu akibebe kwenye diski au afungue faili lenye ugonjwa. Mnyoo hausubiri mtu. Unapita wenyewe kwenye waya, unatafuta kompyuta yenye tundu ndani ya Windows, unaingia, na ukishaingia unatafuta nyingine. Kule kujizima ni Windows inayoanguka kwa kushambuliwa. Kwa hiyo lile la kutembea bila kubebwa, lililowatisha wateja wako, ndilo lililonipa jibu. Hapa gazetini uliingia mwaka jana, tukakosa kutoa ukurasa wa michezo, na mhariri wetu hana shangazi Mwamapalala.

Sasa nikugombeze. Huko Bariadi ninyi ni wafugaji. Nani kati yenu anamwogesha ng'ombe mmoja kwenye josho, anamrudisha kwenye kundi lililojaa kupe, halafu anashangaa kupe wamerudi? Ndivyo mlivyofanya kwa haraka ya mitihani. Mwite Kristofa tena. Hakukosa ufundi, alikosa subira, na waliomkosesha ni ninyi. Chomoeni waya zote, na ule wa simu pia, printa isubiri. Kila kompyuta isafishwe peke yake kwa programu iliyoletwa kwenye CD kutoka kwenye mashine salama, kisha iwekewe kiraka cha Windows kinachoziba lile tundu, maana kusafisha bila kuziba ni kufagia huku upepo unaingiza vumbi. Kuna na ulinzi ndani ya Windows wa kuzuia wanaoingia kupitia mtandao, mara nyingi huwa umezimwa, auwashe. Zote tatu zikiwa tayari ndipo muziunganishe, wala msiwahishe hata moja eti kwa sababu mwalimu mkuu amesimama mlangoni.

Lakini kompyuta zinaweza kusubiri, shangazi hawezi. Unasema wewe ni mke tu uliyeolewa pale, na mimi nakwambia huko ni kujificha, kwa sababu katika ukoo wote mama huyo amekuchagua wewe umsindikize. Kina mama wamepoteza maisha kwa macho mekundu na kwa ukimya wa wenye nyumba, unalijua hilo kuliko mimi. Leo hii, kabla ya kumtafuta fundi, msomee Mayige jibu hili, shangazi akiwa amekaa hapo hapo. Kisha Mayige aende mwenyewe kwa ndugu zake awaambie kwamba mfumu haji kwake. Akisita, mwambie hivi: shangazi ataondoka, kompyuta zitaendelea kujizima, na siku watakayouliza tena ni mwanamke gani anayekaa nazo kutwa, atakayetajwa ni mke wake.