Sauti ya Pili ya Kwaya

Akech, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo mwalimu Sylvance amekuja mazoezini na programu mpya ya simu. Noti zinapita kwenye skrini, unaimba ukizisoma. Akaniita mbele ya kwaya nzima. Mimi ninayeogopa hata kuombea chai.

Sikuweza kuzisoma. Wewe unajua mimi huimba kwa kusikia.

Akacheka. "Dada, uliachia darasa la ngapi?"

Na mimi mjinga nikamjibu. La tano.

"Basi rudi nyuma. Sauti ya pili itaongozwa na Carolyne."

Darasa la ngapi, Akech. Mbele ya watu.

Na ile sauti ya pili iliyo kwa grupu ya kwaya ya WhatsApp, ambayo wote wanajifunzia nyumbani, ni mimi niliyeirekodi asubuhi. Yeye mwenyewe aliniomba.

Nikabeba mkoba nitoke. Akaniita mlangoni, bila haya hata kidogo: "Usiifute ile rekodi. Carolyne bado hajaishika."

Nimeketi hapa kwa ngazi za ploti ninayoishi. Nimeifuta kwa wote.

Jumapili askofu akija, Carolyne amsomee skrini.