Jina Langu Kifuani Mwake

Dada yangu mpendwa,

Futa machozi, ni mimi ninayeandika, mzima kabisa, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Waliokupigia simu kwamba nimelazwa mahututi walikosea. Mwambie mama asifunge safari, na sweta alilonifumia limenikaa sawasawa.

Ilikuwa hivi. Tukishavaa barakoa hatutambuani, kwa hiyo kila daktari huandika jina lake kifuani, juu ya vazi la plastiki. Wafagiaji hawapewi mavazi hayo. Yule mama anayesafisha wodi yetu, anayeniita "mwanangu," nilimpa langu la zamani. Jina halikufutika.

Alipoanguka akikosa pumzi, wauguzi walisoma jina kifuani, wakapiga kelele: "Daktari wetu!" Kwa haraka ile hakuna aliyetazama uso. Wakampa kitanda cha madaktari na mashine ya oksijeni. Kisha akaja mganga mkuu, akamkodolea macho. "Huyu si mfagiaji? Nani kamleta hapa?"

Wakamhamishia kwenye benchi la korido, bila mashine. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji. Nilipotoka, alikuwa ameshafunikwa shuka.

Dua ulizoniombea zilimfikia yeye, dada. Muda wote waliodhani ni mimi, alikuwa anapumua.

Mdogo wako,
mwenye jina