Kaka, Maneno ya Mama Uliyageuza Picha

Kaka Evarist,

Shikamoo yako sijaiandika, na si kwa kusahau. Nimeanza barua hii mara tatu, na kila nilipofika kwenye salamu mkono uligoma. Nimeona bora niendelee bila kukuamkia kuliko kukuamkia kwa uongo.

Jumamosi iliyopita ulikuwa Rau. Ulisimama ukumbini mbele ya vijana ukawafundisha jinsi mtu asiyejua lolote anavyoweza kuanza tovuti yake mwenyewe. Mwalimu mwenzangu alikuwa amempeleka binti yake, naye akanisimulia yote Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza. Uliwaambia wasihangaike kujifunza, watafute programu itakayowafanyia kila kitu. Kisha ukawaonyesha karatasi yenye picha ya Mama akianika kahawa, ukasema hiyo ilikuwa kazi yako ya kwanza, ila dada yako alishindwa kuitunza.

Kwa sababu hiyo nakujibu hadharani. Nakala moja nimeituma kwako Dar es Salaam, na nyingine nimeomba ibandikwe kwenye ubao wa ukumbi uleule, ili waliokusikia wasikie na upande huu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na hilo silikani. Kabla sijaanza hata darasa la kwanza, ulinikalisha nyuma ya ghala la kahawa, ukachora herufi ukutani kwa mkaa, ukanishika mkono nizifuate. Baba alipokuja kuuliza nani amechafua ukuta, ulisema ni wewe peke yako, ukachapwa peke yako. Nilikupenda kwa siku ile miaka mingi sana. Nadhani ndiyo maana nilichelewa kukuona ulivyo.

Unakumbuka bei ya kahawa ilivyoanguka, majirani wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Mama alikataa kung'oa. Alisema kama watu wanapita barabarani kila siku kwenda kuutazama mlima, wachache wanaweza kukunja kona waje Kirua Vunjo waone kahawa inavyochumwa, inavyokaangwa, wanywe kikombe, wale mtori wetu wa ndizi na nyama, waende. Akaanza na wageni wawili walioletwa na paroko. Wakafurahi, wakauliza wenzao watampataje. Mama akanigeukia mimi, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, akasema nimtafutie nafasi kwenye hiyo intaneti.

Nilishuka Njoro kwa Bibi Ndeshi. Vijana wa ukumbini, huyu ni mwalimu mstaafu wa kupiga chapa, aliyekuwa na kompyuta mbili kuukuu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alifungua programu ya maandishi matupu, ile inayokuja na kila kompyuta, akaandika sentensi moja na kuizungushia alama chache. Akaihifadhi kwenye disketi, akaifungua upya, na sentensi ikatokea kama ukurasa wa tovuti. Haikuwa na pambo lolote. Nikamwambia mbona haivutii. Akanijibu, "Mwanangu, kabla hujauliza kama inavutia, uliza kama kesho utaweza kuibadilisha bila kumpigia mtu simu."

Alinipa ile disketi, nikarudi nayo nyumbani nikiwa na furaha. Ulikuwa umekuja likizo. Nilikuonyesha ule ukurasa kwenye kompyuta yako ya mkononi, ukacheka mpaka ukafuta macho. Ulisema yule bibi amebaki kwenye enzi za taipureta. Ukatoa sidii yako, ukafungua programu ambayo mtu anaburuta picha kwa kipanya na kuziacha anapotaka. Kwa jioni moja ukatengeneza kitu kizuri kweli: mlima juu, Mama katikati, herufi za kijani zilizojikunja kama majani. Mama alilia alipojiona. Na mimi, nikiri hapa, niliificha disketi ya Bibi Ndeshi kwenye droo kwa aibu. Yako ilipendeza kuliko yangu. Nilichagua kwa macho.

Nilikuomba siku ile unifundishe kuitumia. Ulisema ni programu ya wataalamu, na leseni yake inakaa kwenye kompyuta moja tu, ya kwako. Nikaomba basi paswedi ya tovuti. Ulinipiga begani ukasema, "Wewe niletee maneno tu, mengine niachie mimi." Uliondoka nayo Dar es Salaam. Tovuti ikawa ya Mama kwa jina, funguo zikawa mfukoni mwako.

Mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Wageni walikuja, wengi wakiwa na karatasi mkononi, wamechapisha ule ukurasa wenye maelekezo ya njia. Maelekezo aliyatoa Mama kwa Kichagga nami nikayaweka kwa Kiingereza: washuke dukani, waufuate mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba babu zetu, mpaka waone migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba.

Halafu zikaja zile mvua za masika. Kingo za mfongo zilibomoka mahali pale unapopita juu ya korongo, na njia ikabaki upana wa unyayo mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akaweka miti kuzuia watu, watu wakaitoa kwenda kupikia. Wenyeji wote tukahamia njia ya kanisani. Mama akasema siku ileile, "Mwambie Evarist abadilishe maneno."

Nilikupigia. Ulisema wiki ijayo. Nilikupigia wiki ijayo, ukasema una kazi ya ofisi fulani kubwa na ya nyumbani isubiri kidogo. Mara ya tatu nilikuomba paswedi tena, nikasema nitakwenda kwa Bibi Ndeshi tubadilishe sentensi moja tu. Uliniambia, "Felista, usiguse. Utaharibu kila kitu." Nami sikugusa. Nilikaa na hofu yangu kama mtoto aliyekatazwa.

Hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje, kwa hiyo nitakueleza.

Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha tangu alfajiri, mimi niko darasani. Jirani alimwambia Mama kwamba amewaona wazungu wawili, akina mama watu wazima, wanaufuata mfongo huku wakitazama karatasi. Mama hakutuma mtu. Alijifunika kanga kichwani akatoka mbio kwenda kuwazuia. Aliwakuta hatua chache kabla ya korongo. Aliwapungia mikono warudi, hawakuelewa, wakadhani anawakaribisha. Akasogea zaidi ili wamwone vizuri, na ardhi ikakatika chini ya miguu yake.

Wale akina mama hawakupata hata mchubuko. Mmoja alishuka korongoni kwa makalio, akamshikilia Mama kichwa kisigusane na maji mpaka wanaume walipofika na ngazi. Nilipofika nilimkuta amelazwa kwenye majani ya migomba, uso umekuwa wa kijivu, nyonga imevunjika. Karatasi ya maelekezo ilikuwa pale kwenye tope. Niliiokota. Mlima ulikuwa bado unaonekana, na zile herufi zako za kijani.

Ulikuja hospitali siku ya tatu, umebeba machungwa. Mbele ya shangazi na wajomba ulisema ajali haina kinga, wakakubaliana nawe. Nilikufuata koridoni nikakuomba paswedi. Ukaniambia tuache kwanza mambo ya kompyuta, mama anaumwa. Nilikushika mkono wa shati nikakuambia sikuachii mpaka uitaje. Uliitaja kwa sauti ya chini huku ukitazama mlango, ukiogopa watu watatuona. Hukuniambia pole. Ulisema, "Umeng'oa kifungo changu."

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Ndeshi. Tulifungua faili lako tukatafuta sentensi ya njia ili tuibadilishe. Hatukuiona. Tulitafuta neno mfongo, hakuna. Tulitafuta jina la Mama, hakuna. Bibi Ndeshi alivua miwani, akaifuta, akatazama tena. Ndipo akaelewa. Kwa kuwa ulizipenda sana zile herufi zilizojikunja, uliyageuza maneno yote kuwa picha. Kwenye tovuti nzima ya Mama hapakuwa na neno hata moja lililoandikwa. Hata ungenipa paswedi nilipoiomba mara ya kwanza, nisingeweza kugeuza herufi moja ndani ya kazi yako.

Basi niliifuta yote. Uliwaambia vijana kwamba nilishindwa kuitunza. Sema ukweli, sema niliifuta kwa mikono yangu, na nilipomaliza nilipumua. Badala yake niliandika, kwa zile alama chache nilizoonyeshwa mwanzo, mistari miwili: njia ya mfongo imefungwa, piteni kanisani. Tovuti yetu ilikuwa hivyo kwa muda wote Mama alipokuwa kitandani. Mistari miwili myeusi kwenye ukurasa mweupe. Ndiyo kazi yangu ya kwanza, na sioni aibu kuionyesha popote.

Baadaye nilijifunza zaidi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Sasa naweza kuweka picha ndogo isiyochelewesha ukurasa, naweza kuunganisha kurasa, na nimewafundisha wasichana wawili wa darasa la saba. Sisemi programu za kuburuta ni mbaya. Zipo zinazomfaa anayeanza, na nimeona watu wakizitumia vizuri. Ninawaambia tu vijana wa Rau kwamba kabla ya kuchagua, wajaribu kubadilisha sentensi moja wenyewe, kwenye kompyuta nyingine, wakati aliyewashauri hayupo. Wakishindwa, hicho walichokichagua si chao.

Mama anatembea kwa mkongojo. Hafiki tena kwenye mibuni ya chini. Wageni huenda na mimi au na jirani, naye hubaki barazani kukaanga. Ng'ombe wake tumempa mtu, maana hawezi tena kumkatia majani. Anasema hana uchungu. Mimi ninao. Nina uchungu na wewe, na ninao na mimi mwenyewe, mtu mzima na mwalimu, niliyeona hatari kwa wiki tatu nikakaa kimya kwa sababu kaka alisema nisiguse. Ningeweza kwenda kusimama pale njiani na kibao cha mbao. Sikuwaza hata hilo. Nilikuwa nasubiri simu yako.

Na bado ulipofika Rau, mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani, hukupanda. Ulimchukua Mama kwenye karatasi ukamwonyesha watu, halafu ukarudi Dar es Salaam bila kumtazama mwenyewe usoni.

Jana nilimsomea barua hii yote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua kahawa kwenye ungo, akaniambia ni kali mno, nipunguze. Sikupunguza. Ndipo akaniagiza niongeze maneno yake, na kwa kuwa maneno yake hayageuzwi tena na mtu, nayaweka kama alivyoyasema: "Mwambie nimemsamehe, na aje Krismasi."

Nimekwambia. Uje umwone. Utapata chakula na kitanda, kwa kuwa nyumba ni yake. Mimi nitakuwa jikoni, na nakuomba usinifuate huko.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Felista