Mchanga Mweusi wa Dada Tanuri

Dada Tanuri wangu,

Shikamoo. Habari za huko? Mgongo umepoa? Huku sisi wazima. Mama amepona kikohozi, sauti imerudi yote, na yote inaniita mimi.

Dada, nimesubu! Nimeyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu la mchanga peke yangu, bila mwalimu! Nilichekecha mchanga kwa chekeche la unga (Mama hajui), nikachanganya na udongo wa mfinyanzi, nikanyunyiza maji. Nikazidisha. Kumimina alumini, kalibu likachemka kama uji, kuku wakahama uwanja. Mara ya pili nikaogopa maji, kalibu likamomonyoka lenyewe. Sasa najua: unafumbata mchanga, unakata bonge katikati, likikatika safi bila kupukutika, tayari.

Nikamsubia fundi cherehani wa jirani gurudumu la mashine yake. Linazunguka, ila lina vipele. Akaniuliza kama nimemletea gurudumu au fenesi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta wa bafu, na mimi kicheko kikanikauka palepale.

Nikwambie tu, Dada. Ule mchanga wako mweusi wa kwenye pipa haupo. Mwashi aliishiwa mchanga akipiga lipu bafu, akauliza ule ni wa nini. Mimi mjuaji nikamwambia umeungua, umekufa, achukue. Sikujua weusi ule ni miaka yako sita ya kumimina, kuchekecha upya na kurudishia udongo. Mtaa mzima hakuna lipu laini kama ile.

Halafu nikaongeza kosa. Nikajaza pipa mchanga wangu, nikautia vumbi la makaa mpaka ukafanana na wako. Mama alipita akasema kumbe naweza kutunza kitu. Ningenyamaza, lakini umeandika unakuja Jumamosi kusubu gurudumu kubwa la mwenye kinu, kazi uliyoingoja mwaka mzima, kwa mchanga wa pipani. Likitoka na vipele, litakaloharibika ni jina lako, si langu.

Kwa hiyo usimwahidi mwenye kinu siku. Mchanga mpya nimeuchekecha mara nne, kila asubuhi naunyunyizia kidogo na kuufunika gunia bichi. Unapendeza, ila si kama wako.

Mama anakusalimu sana, fundi cherehani pia. Nami mdogo wako, Kiherehere, nauliza kwa adabu zote: ungekuwa wewe ndiye mimi, Jumamosi ungekwenda stendi kumpokea dada yako mwenyewe, au ungemtanguliza Mama?