Panga la Kisiwani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Mocímboa da Praia. Jumatatu, tarehe 21 Julai 2025, saa tatu asubuhi.

Jina: Abacar Momade Amisse. Umri: miaka 61. Kazi: mwalimu mstaafu wa kemia. Makazi: mtaa wa Milamba.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Naomba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, ingawa ofisi hii hutumia Kireno, ili Bi Saquina aliyeumia asomewe na aelewe bila mkalimani.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1979 nilipelekwa Kuba kusoma, nikiwa na miaka kumi na mitano. Tulikuwa watoto wengi wa Msumbiji kwenye kisiwa kimoja. Asubuhi tulikaa darasani, mchana tulipalilia mashamba ya mabalungi, Jumamosi tulicheza. Wenyeji walitufundisha ngoma zao, na moja tukaitunga wenyewe kwa kuwaiga wakata miwa. Mchezaji huingia na panga, akiligonga mgongoni kwa nondo fupi, na mlio ule ndio huongoza ngoma na manyanga. Niliporudi mwaka 1986, panga hilo lilikuwa ndani ya sanduku langu.

Mwaka 2020 waasi walipouvamia mji huu, tulikimbia bila kuchukua kitu. Niliporudi nilikuta nyumba imeungua. Picha, vyeti na sahani za muziki vilikuwa majivu. Chini ya vifusi nililiona panga, mpini umekuwa mkaa. Nikalitia mpini mpya wa mkwaju.

Mnamo Jumamosi tarehe 19, saa tisa na nusu alasiri, tulifanya onyesho la muziki wa Kuba katika ukumbi wa zamani karibu na soko. Tulianza mapema ili watu wawahi majumbani kabla ya giza. Tuliosoma kule tulikuwa watatu: mimi nilipiga vijiti, Cristina, muuguzi mstaafu mwenye asili ya Inhambane, aliimba, na Abdurrazaque, mwoka mikate, alicheza. Wapiga ngoma wawili wa harusi walitusaidia.

Watu kama mia moja walikuja. Abdurrazaque alipocheza na Cristina, viuno vikienda na mabega yametulia, Bi Saquina, muuza samaki wa kukaanga, alisema kwa sauti kwamba kama hayo ndiyo masomo tuliyofuata Kuba, sasa ameelewa kwa nini wanawe walifeli kemia. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, na nilijiona kijana.

Saa kumi na nusu tuliingia nyuma ya pazia kujiandaa kwa ngoma ya miwa. Abdurrazaque alikuwa amechonga panga la ubao na kulipaka rangi ya fedha. Nililigonga. Ubao haulii. Nikalitoa la kwangu kwenye gunia.

Abdurrazaque alilitazama bila kulishika. Akasema, "Mwalimu, hapa si kisiwani. Watu hawa wamelala porini kwa sababu ya kitu hiki."

Nilimwambia watu wazima wanajua muziki ni muziki. Akaniuliza kama nimewatangazia. Nilisema tangazo litaharibu mwanzo wa ngoma. Yeye amenizoea kama kaka yake mkubwa tangu kule bwenini, hajazoea kunibishia. Alilichukua.

Aliingia kwa mlango wa pembeni, kofia ya ukili imemfunika macho, panga juu, akiligonga. Aligonga mara nne tu. Mstari wa nyuma mtu alipiga kelele, na ukumbi mzima ukainuka. Mabenchi yalipinduka. Bi Saquina alianguka mlangoni, benchi likamwangukia mkono. Abdurrazaque aliweka panga sakafuni, akavua kofia ili watu wamwone uso, akainua mikono. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Askari walimkuta amesimama hivyohivyo, wakamkamata.

Jana nilikwenda kumwona Bi Saquina hospitalini. Mkono umevunjika juu ya kiwiko. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu, mimi ngoma sikuikimbia. Mlio ule wa chuma naujua. Siku ile tulipotoka hapa, walikuwa wanakuja barabarani wakigonga hivyohivyo."

Tangu turudi nimeishi naye mtaa mmoja na sikuwahi kumuuliza alisikia nini siku ile.

Kuna jambo moja zaidi, na nikiliacha nitakuwa nimesema nusu. Watu walipoanza kukimbia, kwa kitambo kidogo mimi nilikuwa nimefumba macho, nafurahi. Mlio ulikuwa uleule wa Jumamosi za kisiwani. Nilifumbua macho benchi lilipoanguka.

Nasikia Abdurrazaque atapelekwa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kwa kosa la kutisha umma. Panga ni langu, uamuzi ulikuwa wangu, na yeye alinionya. Kama ni lazima mtu apelekwe, nimekuja na nguo za kubadili.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Abacar M. Amisse

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi alionyeshwa panga, akalitambua. Alipoulizwa kama ataomba kurudishiwa, alisema hapana. Saa tano Bi Saquina alisomewa maelezo haya hospitalini. Ameondoa lalamiko dhidi ya Abdurrazaque, ambaye ameachiwa saa sita na robo. Kuhusu mwalimu, Bi Saquina amesema atafikiri, na kwamba wakati anafikiri, mwalimu amkaangie samaki na kuwauza sokoni badala yake. Shahidi amekubali.
Belmiro, ofisa wa zamu.