Masikio Yangu Kwenye Lori Lako

Baba Tumaini, mume wangu mpendwa,

Huku kijijini Ukata mvua za kwanza zimeshanyesha na mibuni imechanua. Mwanao hajambo. Asubuhi hii aliwasha lori likapiga kidogo, likakohoa, likazima. Nilikuwa jikoni. Nikatoka na mwiko mkononi nikamwambia, "Washa tena nisikilize." Akawasha. "Hilo limekunywa maji," nikamwambia, "fungua chujio kwa chini." Kweli, maji yalitoka kabla ya dizeli. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma. "Mama, umejuaje?" Nikamjibu kwamba niliolewa na baba yake.

Lakini Tumaini hajui yote, na wewe sasa umepumzika, kwa hiyo nasema wazi: miaka yako ya mwisho ya udereva hukuwa unasikia vizuri.

Niligundua siku ile mkanda wa feni ulipokuwa unalia hadi kuku wakakimbia uwanjani, na wewe umesimama pembeni ya injini unatabasamu, unasema leo imetulia. Nilikushika mkono nikakuvuta karibu na mkanda. Ukautazama, ukanitazama. Uso wako ulibadilika. Wewe uliyekuwa ukisimama barabarani na kujua nozeli mbovu ya injini kwa kusikiliza tu, lori likiwa bado mlimani!

"Usimwambie mtu," ulisema. "Nani atanipa mzigo?"

Tangu hapo nikaanza kupanda nawe. Tulishuka ziwani na mahindi, tukapanda na usipa, dagaa wa huko. Honi ikipigwa nyuma, nakugusa bega. Injini ikibadilisha sauti, nakugusa goti. Sokoni Mbinga wanawake walinicheka, eti mke wa dereva anamlinda mume asiibiwe. Niliwaacha wacheke. Wewe ulicheka kuliko wote, ukasema, "Angalau wananiona bado kijana."

Safari ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mdogo wangu Anjelina. Tulikuwa tumekwenda kwetu Chiwanda kumsalimia mama, tukamkuta Anjelina ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Muuguzi wa zahanati alituambia bila kuzunguka: "Mpelekeni hospitali Mbinga, na msikae njiani." Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Tukamweka Anjelina kati yetu kwenye kabini, magunia ya usipa nyuma, tukaondoka. Lami ilikuwa bado haijafika. Barabara ilikuwa mawe na vumbi tu.

Tulipoanza kupanda mlima, lori likaishiwa nguvu. Likazidi kulegea, likazima. Ulishuka, ukapampu kwa mkono, ukatoa upepo kwenye mipira ya dizeli, likawaka. Hatukufika mbali likazima tena. Ukabadilisha chujio. Likawaka, likatupeleka hadi kona iliyofuata, likazima. Anjelina alikuwa anauma upande wa khanga yake. "Shemeji," alikuuliza, "tutafika?"

Hukumsikia. Nilimjibu mimi kwa niaba yako, kwamba tutafika, nami sikuwa na hakika hata kidogo.

Ulikuwa umeshachukua spana. Ulisema pampu ya dizeli imekufa, utaifungua palepale. Nilijua maana yake: pampu ikishafunguliwa barabarani, tutalala hapo, na Anjelina hakuwa na siku ya kulala hapo. Nafikiri uliliona hilo usoni mwangu. Ukaweka spana chini, ukainama sikio lako likawa karibu na mdomo wangu.

"Niambie unasikia nini kabla halijazima. Linagonga?"

"Haligongi."

"Linakatakata?"

"Hapana. Linafifia polepole, kama koroboi inayoishiwa mafuta."

"Basi lina njaa," ulisema. "Pampu ni nzima, ila dizeli haiifikii." Ukaenda kwenye tangi na kijiti kupima dizeli. Nami nikakufuata. Ulipofungua mfuniko nikasikia sauti: fyuuuu! Wewe hukushtuka, ukaendelea kuingiza kijiti.

"Baba Tumaini, tangi limevuta pumzi!"

"Limefanya nini?"

"Limevuta pumzi!" nilipiga kelele hadi sauti ikarudi kutoka korongoni.

"Limevuta au limetoa?"

"Limevuta. Kwenda ndani."

Uligeuza mfuniko ule ukautazama juu na chini. Ulikuwa mpya, tuliuweka baada ya ule wa zamani kudondokea mtoni. Ukaanza kucheka peke yako barabarani, na mimi nikadhani umechanganyikiwa. Kisha ukanionyesha: hauna tundu. Dizeli inatoka, hewa haina pa kuingilia, mwishowe tangi linaing'ang'ania dizeli na injini inakaa na njaa. Tukisimama hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana lilikuwa linawaka tena. Hukuhitaji kufungua pampu. Ulitupa mfuniko nyuma ya kiti, ukachana kipande cha khanga yangu mpya, bila hata kuniomba, ukakifunga mdomoni mwa tangi. Lori likapanda mlima ule likinguruma hadi juu.

Mtoto alizaliwa jioni, wa kike, mnene, mwenye sauti. Anjelina alipokushukuru ulinielekeza mimi kwa kidole. "Fundi ni huyo," ulisema. "Mimi nashika spana tu."

Baadaye masikio yako yalifunga kabisa, ukampa Tumaini ufunguo mwenyewe. Na ulipougua, siku zile za mwisho, nilimwomba alisogeze lori hadi nyuma ya chumba chako aliache linaunguruma. Nilikushika kiganja nikakiweka ukutani. Ulifumba macho muda mrefu. "Linapiga vizuri," ulisema. Nami nikatoka nje nikalie mbali, ingawa hata ningelia palepale usingesikia.

Nimekukumbuka, mume wangu. Kitandani nimehamia upande wako, maana ulipobaki wazi ulikuwa mkubwa mno.

Kuna jambo moja halikukufikia. Tulikuwa Mbinga, umeinama kwenye injini, umenipa mgongo, shati lako limechafuka oili, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia nakutazama. Nikakuambia neno. Hukugeuka. Nikaona aibu kulirudia kwa sauti kubwa na sokoni kumejaa watu, na nyumbani pia sikulirudia. Nilisema hivi: katika wanaume wote wa milimani na wa ziwani, nashukuru nilikupata wewe.

Lala salama.

Mkeo,
Mama Tumaini